Ukipangisha Intaneti Yako, Umepangisha na Jina Lako

Nakivale na Mbarara wapo vijana wanaoambiwa kwamba simu yaweza kuwaletea pesa hata wakiwa wamelala. Yatosha, huambiwa, kupakua programu fulani, kukubali masharti yake na kuiacha simu ikiwa imeunganishwa na intaneti. Wengine huombwa kusajili laini kadhaa kwa majina yao, kisha kumkabidhi mtu atakayezitia katika modemu zake. Maombi hayo mawili yaweza kuwa na biashara moja nyuma yake, nayo ni kupangisha proksi. Tunaeleza hapa biashara hiyo ni nini, na kwa nini kila mwenye laini anapaswa kuielewa kabla ya kukubali.

Kila kifaa kinachoingia katika intaneti hutambuliwa kwa anwani ya tarakimu, iitwayo anwani ya IP. Proksi ni kompyuta au simu inayosimama katikati: hupokea ombi la mtu aliye mbali, hulipeleka linakokwenda, kisha humrudishia jibu. Upande wa pili huiona anwani ya aliye katikati tu. Ni kama mtu aandikaye barua na kuweka juu ya bahasha jina na sanduku la posta la jirani yake. Likitokea neno, atakayetafutwa kwanza ni jirani.

Kuficha anwani si jambo geni nchini Uganda. Wengi walianza kutumia VPN Julai 2018, ilipowekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Wengine waliizoea Facebook ilipofungwa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hatuandiki, basi, ili kumtilia shaka kila mwenye VPN katika simu yake. Tena proksi zina kazi za halali: makampuni huzitumia kulinganisha bei na kukagua matangazo yao katika nchi mbalimbali. Tofauti tunayotaka ieleweke ni hii: mwenye VPN hupita nyuma ya anwani ya mwingine, bali mwenye kupangisha huwaacha wasiomjua wapite nyuma ya anwani yake.

Kwa nini mtu wa mbali alipie anwani ya simu ya Nakivale? Kwa sababu benki na maduka ya mtandaoni huzitambua anwani za vituo vikubwa vya kompyuta na mara nyingi huzizuia. Anwani ya simu au ya nyumba huonekana kuwa ya raia wa kawaida, na kwa hiyo hupenya. Ndiyo maana mlaghai huipenda.

Mfano mkubwa ulidhihirika Mei 2024, wakati serikali ya Marekani ilipotangaza kuvunjwa kwa mtandao uitwao 911 S5. Anwani zaidi ya milioni 19, katika nchi karibu 200, zilikuwa zimetumika kama proksi za kupangishwa. Wenye kompyuta hizo hawakujua: walipakua VPN za bure, kama MaskVPN na DewVPN, ambazo ndani yake mlango ulikuwa umefunguliwa kwa wapangaji. Mshtakiwa mkuu, aliyekamatwa nchini Singapore, alidaiwa kupata dola milioni 99 hivi. Wapangaji wake walitumia anwani hizo kwa ulaghai wa fedha, vitisho vya mabomu na hata makosa dhidi ya watoto.

Tueleze sasa mambo huendaje kosa linapochunguzwa. Mpelelezi huwa na anwani na saa ya tukio. Kampuni ya simu huulizwa ni nani aliyekuwa akiitumia anwani ile saa ile. Kwa kuwa laini nyingi za simu huweza kushiriki anwani moja kwa wakati mmoja, saa kamili ni muhimu, tena hadi sekunde. Ikiwa ni Wi-Fi ya duka, jina linalopatikana ni la mwenye duka. Jina hilo ni mwanzo wa uchunguzi. Halithibitishi peke yake kwamba mwenye jina ndiye mkosaji. Hata hivyo mwenye jina ndiye atakayeitwa kituoni, na simu yake yaweza kushikiliwa kama kielelezo. Aidha, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 humtia hatiani pia anayesaidia kosa kutendeka. Aliyepangisha akijua yaendeleayo aweza kushtakiwa naye.

Kwa mkimbizi, mzigo huu ni mzito zaidi. Laini aliyoisajili kwa hati yake ya ukimbizi ndiyo pochi yake, na ndiyo njia ya kuwafikia jamaa waliobaki Kongo, Burundi au Somalia. Kuipoteza, hata kwa majuma machache, ni kupoteza mengi.

Na faida je? Malipo ya programu hizi mara nyingi ni senti tu za dola kwa gigabaiti moja, ilhali gigabaiti hiyo mwenye simu huinunua kwa maelfu ya shilingi. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Tunawashauri haya. Msisajili laini kwa ajili ya mtu mwingine, wala msiuze laini iliyosajiliwa kwa jina lenu. Ziondoeni programu zinazoahidi malipo kwa kugawana intaneti, na VPN za bure zisizojulikana mwenyewe. Data ikiisha upesi bila sababu, fungueni mipangilio ya simu mwone ni programu ipi inayoila. Wenye maduka ya Wi-Fi wabadilishe nywila mara kwa mara, wala wasikubali kifaa cha mgeni kichomekwe katika ruta yao.

Aliyekwisha kukubali asisubiri kuitwa. Aondoe programu, ahifadhi ujumbe na kumbukumbu za malipo aliyopokea, kisha afike katika kituo cha polisi kilicho karibu, au apige 999 bila malipo. Laini iliyo mikononi mwa mtu mwingine ifungwe katika ofisi ya kampuni ya simu. Anayeeleza mapema huja na ushahidi wake mkononi. Anayesubiri hukutwa na maswali asiyoweza kuyajibu.