Uraibu wa Ngono na wa Ponografia Mtandaoni katika Ndoa: Ufafanuzi wa Tatizo na Njia za Tiba kwa Mazingira ya Kaoze, Mkoani Rukwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo la uraibu wa ngono na wa ponografia mtandaoni ndani ya ndoa, na kueleza namna tiba yake inavyoweza kupangwa katika kata ya Kaoze, Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Yametokana na uchambuzi wa maandiko ya kitabibu, kisheria na kihistoria. Hoja kuu ni kwamba mambo manne yaliyo tofauti, yaani dhambi, usaliti, kosa la kisheria na ugonjwa, huwekwa chini ya jina moja la "uraibu", na mchanganyiko huo huwapeleka wanandoa kwenye tiba isiyowafaa. Makala yanaonesha kuwa hatua ya kwanza ya tiba ni kuyatenganisha mambo hayo, na kwamba katika eneo lenye uhaba wa wataalamu wa afya ya akili kazi hiyo inaweza kuanzwa na watu waliopo, mradi kila mmoja ajue mpaka wake.

Maneno muhimu: uraibu, ponografia, ndoa, ushauri nasaha, usuluhishi, Rukwa

1.0 Utangulizi

Kata ya Kaoze iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa unaolitenga bonde hilo na uwanda wa juu wa Ufipa. Maisha ya bondeni yanategemea kilimo, ufugaji na uvuvi, na kazi hizo hufuata misimu. Mume anaweza kukaa kambi ya uvuvi au katika shamba la mpunga kwa majuma kadhaa, mke akibaki na watoto nyumbani. Katika vipindi hivyo simu ya mkononi ndiyo inayowaunganisha. Kwa simu hiyo hiyo fedha hutumwa, bei ya mazao huulizwa, na habari za msiba hupokelewa.

Chombo hicho hicho ndicho kinachobeba ponografia. Wala udhaifu wa mtandao vijijini si kinga, kwa kuwa video iliyopakuliwa mjini husafiri katika kadi ya kumbukumbu, kutoka simu moja hadi nyingine, hata mahali pasipo na intaneti. Kwa sababu hiyo neno "mtandaoni" katika makala haya linahusu asili ya picha hizo kuliko mahali zinapotazamwa.

Tatizo hili linapofika kwa wazee, kwa kiongozi wa dini au kwa mhudumu wa afya, aghalabu huwa limekwisha kupewa jina: mume ni mhuni, mke ameharibikiwa, ndoa imeingiliwa na mkono wa mtu. Maelezo ya mwisho hayashangazi katika eneo ambalo jina la Sumbawanga lenyewe huelezwa na wengi kuwa na maana ya "tupa uchawi". Kila jina lina tiba yake. Mhuni huadhibiwa, aliyerogwa huaguliwa, mwenye dhambi hutubu. Swali la makala haya ni lini tatizo liitwe ugonjwa, na nini kifanyike linapoitwa hivyo.

2.0 Dhana na mipaka yake

2.1 Neno "uraibu"

Katika Kiswahili cha zamani uraibu ulihusu vitu vya kutafunwa kwa mazoea, kama vile tambuu na tumbaku. Baadaye neno lilipanuka likachukua maana ya utegemezi wa vileo na dawa za kulevya, na sasa linatumika pia kwa kamari, michezo ya kompyuta na ngono. Upanuzi huo una faida, kwani unamwezesha msemaji kueleza hali ya kushikwa na kitu. Una hasara pia, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku mtu yeyote anayetazama ponografia anaweza kuitwa mraibu, hata kama anaacha atakapo.

Katika taaluma, dhana ya uraibu wa ngono ilienezwa na Patrick Carnes nchini Marekani kuanzia miaka ya 1980. Pendekezo la kuingiza "tatizo la ngono iliyopita kiasi" katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani halikukubaliwa toleo la tano lilipochapishwa mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani lilichukua njia nyingine. Katika toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limo tatizo la tabia ya kingono isiyodhibitika, chini ya msimbo 6C72. Tatizo hilo limewekwa katika kundi la matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Halikuwekwa pamoja na uraibu wa kamari, kwa kuwa ushahidi wa kulithibitisha kuwa uraibu kamili haujatosheleza. Makala haya yanatumia neno "uraibu" kwa kuwa ndilo wanandoa wanalolitumia, lakini vigezo vinavyofuatwa ni vya ainisho hilo.

2.2 Vigezo vya utambuzi

Kigezo cha msingi ni kushindwa kudhibiti misukumo ya kingono kwa kipindi kirefu, miezi 6 au zaidi. Hali hiyo huonekana kwa dalili moja au zaidi kati ya nne: tabia inakuwa kitovu cha maisha kiasi cha kupuuza afya, kazi na familia, majaribio mengi ya kuipunguza yanashindikana, inaendelea licha ya madhara yaliyo wazi, inaendelea hata inapokuwa haileti tena raha, au raha yake ni ndogo. Aidha, ni lazima ilete dhiki kubwa au iharibu utendaji wa mtu katika maisha yake.

Idadi ya mara za kutazama si kigezo. Mtu mwenye hamu kubwa ya tendo la ndoa, ambaye hajapoteza udhibiti, hana ugonjwa huu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watu zaidi ya 82,000 katika nchi 42, uliwakuta takriban asilimia 5 wakiwa katika hatari kubwa ya kuwa na tatizo hilo. Wanawake walikuwa miongoni mwao, ingawa wanaume walikuwa wengi zaidi. Tanzania haikuwamo katika nchi hizo, hivyo kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa Rukwa.

2.3 Hatia ya kimaadili na ugonjwa

Ainisho hilo linaweka sharti jingine lenye uzito mkubwa kwa Ufipa: dhiki inayotokana tu na hukumu ya kimaadili haitoshi kumfanya mtu aitwe mgonjwa. Tafiti za Joshua Grubbs na wenzake nchini Marekani zimeonesha kuwa baadhi ya watu hujiita waraibu kwa sababu tendo linapingana na imani yao, ingawa hulitenda kwa nadra.

Chukulia wanaume wawili. Wa kwanza hutazama ponografia mara moja katika mwezi au miwili, hulia kwa majuto, na huamini kuwa amepotea. Wa pili hukesha na simu usiku mwingi, huchelewa shambani, hutumia fedha ya mbegu kununua vifurushi, ameahidi kuacha mara kadhaa na kushindwa, na hana tena hamu ya kuwa na mkewe. Wa kwanza anahitaji mazungumzo na kiongozi wake wa kiroho, na pengine na mkewe. Wa pili anahitaji tiba. Mbele ya mshauri asiyeuliza maswali, wote wawili husema maneno yale yale: "Mimi ni mraibu."

Tofauti hiyo ina maana ya pekee katika eneo ambalo Ukristo una mizizi mirefu. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu ndoa yamekuwa sehemu ya maisha ya Wafipa kwa zaidi ya karne moja. Kutenganisha hatia na ugonjwa hakuyadharau mafundisho hayo. Kunampa kila mhusika kazi inayomfaa.

3.0 Tabia inavyojijenga na inavyoiathiri ndoa

Mzunguko wa tabia hii unafahamika. Huanza na kichocheo, ambacho mara nyingi si hamu ya ngono bali upweke, uchovu, hasira, deni au ugomvi. Picha hutoa nafuu ya muda mfupi, na ubongo hujifunza kuwa nafuu inapatikana hapo. Baada ya nafuu huja aibu, na aibu yenyewe hugeuka kichocheo kipya. Ndiyo maana kumwaibisha mhusika hadharani kunaweza kuuzidisha mzunguko badala ya kuukata.

Kwa mwenzi, jeraha kubwa mara nyingi ni uongo kuliko picha. Mke anayegundua huanza kuipitia upya historia ya ndoa yake: usiku aliodhani mume amechoka, fedha aliyoambiwa imeibwa, simu iliyokuwa ikigeuzwa akiingia. Huujaribu mwili wake kwa kipimo cha picha, na huenda akakubali matendo asiyoyataka akidhani atamrudisha mumewe. Mume ambaye mkewe ndiye mhusika hupata jeraha hilo hilo, na ukimya wake huwa mkubwa zaidi kwa kuwa jamii haitarajii tatizo hilo kwa mwanamke.

Samuel Perry na Cyrus Schleifer, wakitumia takwimu za kitaifa za Marekani za kati ya mwaka 2006 na 2014, walikuta kuwa kuanza kutazama ponografia katika kipindi cha ndoa kuliambatana na uwezekano wa talaka uliokaribia mara mbili, kutoka asilimia 6 hadi 11. Uhusiano huo hauthibitishi kisababishi, kwani ndoa iliyokwisha kulegea inaweza pia kumpeleka mtu kwenye ponografia. Mshauri hana budi kuchunguza pande zote mbili.

4.0 Njia za tiba

4.1 Tiba ya mhusika

Njia yenye ushahidi mkubwa zaidi ni tiba ya utambuzi na tabia. Katika utafiti uliofanyika nchini Sweden na kuchapishwa mwaka 2019, wanaume 137 waligawanywa kwa nasibu kati ya kundi la tiba hiyo, iliyotolewa kwa majuma 7, na kundi la kusubiri. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa zaidi. Tiba ya kukubali na kuazimia nayo ilijaribiwa Marekani kwa wanaume 28 katika vikao 12, na kupunguza sana utazamaji. Tafiti hizo ni chache na ziliwahusu wanaume wa nchi tajiri, lakini hatua zake hazihitaji vifaa vya gharama.

Hatua ya kwanza ni kumbukumbu ya vichocheo: kwa majuma mawili mhusika huandika saa, mahali, hisia na kilichotangulia kila msukumo. Ya pili ni kuzuia fursa, kwa mfano kulaza simu nje ya chumba, kufuta kadi ya kumbukumbu na kujitoa katika makundi ya kutumiana picha. Ya tatu ni kujifunza kuvumilia msukumo bila kuutii wala kupigana nao, kwa kuwa hupanda na kushuka. Ya nne ni kujaza nafasi iliyoachwa, kwani anayeachishwa picha bila kuondolewa upweke atazirudia. Ya tano ni kupanga mapema la kufanya akianguka. Kuanguka mara moja huchukuliwa kuwa taarifa kuhusu kichocheo ambacho hakikuonekana. Dawa zipo zinazotumika kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hutolewa na daktari pekee, hasa panapokuwa na sonona au ulevi pamoja na tatizo hili.

4.2 Tiba ya mwenzi

Mwenzi hatibiwi kama msaidizi wa mgonjwa. Ana jeraha lake, na anahitaji kikao chake. Aambiwe wazi kuwa hakusababisha tabia hiyo, na kwamba ana haki ya kukataa tendo lolote. Iwapo tabia imetoka katika picha na kufikia ngono nje ya ndoa, wote wawili wapimwe VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Iwapo kuna kipigo au kulazimishwa, usalama hutangulia upatanisho.

4.3 Tiba ya wanandoa

Wanandoa huunganishwa katika kikao kimoja baada ya kila mmoja kusikilizwa peke yake. Ukweli usemwe mara moja na kwa ukamilifu unaohitajika, kwa kuwa ukweli unaotolewa kwa vipande humjeruhi mwenzi upya kila kipande kinapotokea. Maelezo ya kina ya picha hayana faida. Makubaliano kuhusu simu yawe ya wazi na ya muda maalumu. Mke akigeuzwa askari wa simu ya mumewe, ndoa hupoteza mke na haipati mganga.

5.0 Wahusika waliopo na mipaka yao

Wataalamu wa saikolojia ya tiba nchini ni wachache, na wengi wako mijini. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko Dodoma, mbali sana na bonde la Rukwa. Kwa hiyo mlango wa kwanza ni wa kata.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri la ndoa lipelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi kabla ya ombi la talaka kufikishwa mahakamani, isipokuwa katika mazingira maalumu, na kifungu cha 107 kinautaja upotovu wa kingono miongoni mwa mambo yanayoweza kuonesha kuwa ndoa imevunjika. Baraza, basi, litakutana na tatizo hili, litake lisitake. Mpaka wake ni kusuluhisha. Likilazimisha ungamo mbele ya ukoo, litapata ahadi ya kinywa na siri iliyozama zaidi. Linaloweza kufanya vizuri ni kuuliza kuhusu usalama, kusikiliza kila upande faraghani, na kuwaelekeza wanandoa kwenye kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na inaiharamisha kabisa ile ya watoto. Msuluhishi aijue tofauti hiyo: picha za watoto, au video ya mke iliyosambazwa bila ridhaa yake, si suala la kupatanishwa nyumbani.

Kiongozi wa dini ana nafasi ambayo mhudumu wa afya hana, kwani anaaminiwa na anaitunza siri. Kazi yake ni kuishughulikia hatia, na kutambua pale udhibiti ulipopotea ili ampeleke mtu kwenye tiba bila kumwondolea msaada wa kiroho. Mhudumu wa zahanati naye achunguze sonona, ulevi na mawazo ya kujiua, na atoe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga inapobidi.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa uraibu wa ponografia katika ndoa hutambuliwa kwa kupotea kwa udhibiti na kwa madhara yanayoendelea. Wingi wa utazamaji au uzito wa majuto havitoshi kuuthibitisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili, kinachowafanya watu wafiche ni kutojua kama watakapofichua watapata mganga au hakimu. Inapendekezwa kwamba wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi, viongozi wa dini na wahudumu wa zahanati wa bonde la Rukwa wapewe mafunzo ya pamoja yenye mwongozo mfupi wa maswali ya utambuzi kwa Kiswahili. Utafiti wa uwandani unahitajika pia, hasa kuhusu wanawake wenye tatizo hili na kuhusu ndoa zinazotenganishwa na kazi za msimu, ili vigezo vilivyotungwa kwingine vipimwe kwa maisha ya watu wa Kaoze wenyewe.