Diske ya bei ndogo: usidanganywe na namba

Acheni niwaambie aibu yangu. Mwaka jana nilinunua sokoni diske SSD ya dola 20, juu yake wameandika tera 2. Nikasema, bahati hiyo! Nikaweka ndani picha za ndoa na orodha ya ubatizo. Majina yote yalionekana, lakini kuzifungua, hapana. Ndani mulikuwa kakadi kadogo tu, kama ka simu. Kalipojaa, kakaandika mapya juu ya yale ya kwanza.

Lakini musiikatae SSD. Diske ya zamani iko na sahani yenye kuzunguka. SSD haina kitu chenye kuzunguka, haiogopi sana kutikisika njiani, na ordinatere nzito itaamka upesi. Chagua tu kipimo kidogo cha kweli. Kingston A400 ya giga 240, iliyotoka mwaka 2017, ilipewa garanti ya miaka 3 na uwezo wa kuandikwa tera 80. Ukiandika giga 20 kila siku, ni karibu miaka 11. Nani kwetu anaandika vile? Na muuzaji akisifu mbio ya megabaiti 3500 kwa sekunde, lakini ordinatere yako inapokea SATA tu, diske hiyo haitafanya kazi ndani yake; SATA yenyewe haipiti karibu 550. Usilipie bure.

Mupatane naye mbele: nitaijaribu leo, ikiwa ya uongo nitairudisha. Programu ya bure H2testw inaijaza yote, kisha inasoma tena kama kila kitu kiko.

Orodha ya ubatizo tuliiandika upya kutoka daftari. Picha za ndoa, hapana.