Mkuki Ukishatoka Mkononi

Tarehe 26 Agosti 2015, katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Beijing, Julius Yego wa Kenya, ambaye sehemu kubwa ya ustadi wake aliuchuma kwa kuwatazama warushaji mashuhuri katika YouTube, alirusha mkuki ukaanguka umbali wa mita 92.72, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika mchezo usiokuwa wa mbio. Wengi waliusifu mkono wake, na sifa hiyo ni haki yake. Illa mkono hauna tena amri juu ya mkuki tangu nukta ile vidole vinapouachia, na yote yanayofuata ni shauri baina ya kasi uliyoondoka nayo, pembe uliyorushiwa, mvuto wa ardhi na hewa.

Galileo, mwanazuoni wa Kitaliana, alibainisha katika kitabu chake kilichopigwa chapa Leiden mwaka 1638 kwamba kitu kilichotupwa kina miendo miwili kwa wakati mmoja: mmoja wa kwenda mbele, usiobadilika, na wa pili wa kupanda na kushuka, ambao ardhi huupunguza kisha huuzidisha kwa kadiri ile ile kila sekunde, wala mmoja hauuingilii mwenziwe. Ndiyo maana jiwe lililoachiwa lidondoke na jiwe lililorushwa mbele sawasawa kutoka kimo kimoja hufika chini pamoja. Miendo hiyo ikichanganyika huchora ule mkunjo uitwao parabola, tunaouona kila golikipa anapoupiga mpira mrefu. Galileo akathibitisha pia kwamba pembe ya nyuzi 45 ndiyo ipelekayo kitu mbali kuliko zote, na kwamba nyuzi 35 na nyuzi 55 huangusha kitu mahali pamoja.

Msomaji asiharakishe kumwamrisha mwanawe arushe kwa nyuzi 45. Hesabu ile ni ya kitu kianziacho na kuishia usawa mmoja, chenye kasi isiyobadilika kwa pembe yoyote; naye binadamu huachia mkuki juu ya kimo cha kichwa chake, na mwili wake, kwa jinsi ulivyoumbwa, husukuma mbele kwa nguvu zaidi kuliko unavyosukuma juu. Kwa sababu hizo mabingwa wa kutupa tufe la kilo 7.26 aghalabu huliachia chini ya nyuzi 40, na mrukaji wa masafa, asiyeweza kuigeuza mbio yake yote kuwa kupaa, huondoka ubaoni kwa nyuzi zipatazo 20 tu. Isitoshe, kosa la pembe lina hasara ndogo: kwa hesabu ya Galileo, kushuka kutoka nyuzi 45 hadi 40 hakupunguzi hata sehemu mbili katika mia, lakini kasi ikizidi kwa sehemu moja ya kumi, masafa huzidi kwa zaidi ya moja ya tano. Kwa maoni yangu, kocha anayepigania pembe kabla ya kasi anapoteza wakati wa mwanafunzi.

Inabaki hewa, ambayo tufe halijali sana, lakini mkuki wa gramu 800 huitegemea kama jahazi linavyotegemea pepo. Tarehe 20 Julai 1984, mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki aliurusha mita 104.80, na wasimamizi wakaingiwa na hofu kwamba viwanja havitatosha. Tena mikuki ya siku zile mara nyingi ilitua bapa, kukazuka ubishi kama ncha ndiyo iliyotangulia kugusa chini. Basi kuanzia mwaka 1986 wakuu wa riadha waliamuru kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume kisogezwe mbele sentimita 4, ili ncha iiname mapema. Rekodi ikaanza upya kwa mita 85.74 za Klaus Tafelmeier wa Ujerumani Magharibi. Na ile inayoshikiliwa na Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki, aliyoiweka mjini Jena mwaka 1996, ni mita 98.48.