Haki ya Jirani Hufika Hadi Chini ya Ardhi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, haki ya jirani si jambo geni masikioni mwetu. Qur'ani Tukufu, katika Suratun-Nisaa aya ya 36, imeamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa Jibril (A.S.) alimuusia jirani mara nyingi, hata akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Tunafundishwa tusimuudhi kwa ulimi, tumtazame anapougua, na tuongeze maji katika mchuzi ili naye apate.

Leo tunakusudia kuitazama haki ambayo haisikiki sana mimbarini. Shimo la choo la nyumba moja na kisima cha nyumba ya pili huweza kutenganishwa na ukuta mrefu, na wenye nyumba wasisalimiane mwaka mzima. Juu ya ardhi kila mmoja ana hati yake na mpaka wake. Chini ya ardhi, maji hayaujui ukuta wala hayasomi hati. Kinachomwagwa huku hunywewa kule.

Bonde lenye kingo mbili

Maradhi ya mlipuko yanapoingia mtaani, wengi wetu husema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni la haki. Kosa letu ni kulifanya kuwa mwisho wa mazungumzo.

Karibu na mwaka wa 18 Hijria, sawa na mwaka 639 Miladia, Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa safarini kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake, akiwemo Abu Ubaida bin Al-Jarrah (R.A.), walimpokea kwa habari ya tauni. Umar akawaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, akawataka shauri, na hatimaye akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa wanatoka katika kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye kingo mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu: popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), akaeleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza watu kuingia katika nchi yenye tauni, na akikataza waliomo wasitoke kwa kuikimbia. Kisa hiki kimepokewa na Bukhari na Muslim.

Tazama, ndugu msomaji, mfano aliouchagua Umar. Ni mfano wa ardhi. Wanahistoria wamepokea pia kuwa alimwandikia Abu Ubaida awahamishe watu kutoka ardhi ya bondeni yenye maji mengi na kuwapeleka ardhi ya juu yenye hewa safi. Kumtegemea Allah hakukumzuia kuuliza: watu wanaishi wapi, na mahali hapo pana nini?

Swali hilo la "wapi" ndilo msingi wa elimu ambayo leo huchunguza uhusiano wa mahali, makazi na afya za watu. Kisa chake mashuhuri hakikutokea katika nchi za Kiislamu. Kimetokea London, na hekima huokotwa popote ilipo.

Bomba la Broad Street

Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka katika eneo la Soho, mjini London. Katika siku kumi hivi watu zaidi ya 500 walikufa katika mitaa ambayo mtu huimaliza kwa miguu kwa dakika chache. Wakuu wa wakati huo, na madaktari wengi pamoja nao, waliamini kuwa maradhi hayo huletwa na hewa chafu yenye harufu mbaya. Kijidudu chake kilikuwa hakijatambuliwa na ulimwengu wa tiba.

Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na rai nyingine. Alidhani kuwa sumu ya kipindupindu huingia kwa kinywa, kupitia maji. Akachukua orodha ya waliofariki, akaenda kutazama kila mmoja alikuwa akiishi wapi na akiteka maji wapi. Karibu vifo vyote vilikuwa jirani na bomba moja la mkono lililokuwa Broad Street. Watu kumi tu katika orodha hiyo walikuwa karibu zaidi na bomba jingine. Alipoulizia, akaambiwa kuwa watano kati yao walikuwa wakiletewa maji ya Broad Street kwa kuyapenda, na watatu walikuwa watoto waliosoma skuli iliyo karibu na bomba hilo.

Kisha akawatazama walionusurika. Jumba la kuhifadhi maskini lililokuwa hapo hapo lilikuwa na watu zaidi ya 500, na waliokufa kwa kipindupindu ni watano tu. Jumba hilo lilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha pombe cha mtaa huo hakufa mfanyakazi hata mmoja, kwa kuwa maji ya bomba lile hawakuyanywa. Na mbali kabisa, huko Hampstead, mama mmoja mjane alifariki ingawa mtaani kwake hapakuwa na kipindupindu. Kumbe aliwahi kuishi Soho, akayazoea maji ya Broad Street, na wanawe wakawa wanampelekea kila siku. Wema wao kwa mama yao ndio uliomfikishia maradhi. Nia njema pasi na elimu haimkingi mtu na madhara.

Tarehe 8 Septemba 1854, baada ya Snow kutoa ushahidi wake, wakuu wa mtaa waliuondoa mpini wa bomba lile. Baadaye akachora ramani, na kila kifo akakiwekea alama ndogo nyeusi mbele ya nyumba kilipotokea. Hakuandika majina. Alama zilijikusanya kulizunguka bomba, na ramani ikasema yenyewe.

Mchungaji aliyebisha hodi

Ipo sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika mtaa huo alikuwapo kijana wa kanisa, Henry Whitehead, mwenye kazi ya kuwahudumia waumini wake. Yeye hakuikubali rai ya Snow. Akaamua kufanya uchunguzi wake mwenyewe ili kuikanusha.

Whitehead alikuwa na kitu ambacho daktari hakuwa nacho: watu walimjua. Alikaa na wagonjwa na aliwazika waliofariki. Akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akarudi mara ya pili na ya tatu, akauliza nani alikunywa nini na siku gani. Ushahidi ulipomwelemea, akaiacha rai yake ya kwanza na kuikubali haki. Ndiye aliyegundua kuwa katika nyumba nambari 40, mkabala na bomba, mtoto mchanga aliugua kabla ya wengine, na mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nguo zake katika shimo la maji taka mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yameoza, na kutoka hapo hadi kisimani hapakufika futi tatu.

Katika Suratul-Israa aya ya 36, Allah (S.W.) ametukataza kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo, na ametuonya kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Mtu wa dini nyingine alitumia masikio na macho yake kwa ajili ya majirani zake, na akawa tayari kukiri kuwa alikosea. Je, maimamu, maustadhi na walimu wetu wa madrasa, ambao wanajulikana katika kila nyumba, hawastahiki zaidi kuifanya kazi hii?

Unguja nayo

Asidhani mtu kuwa hayo ni ya Wazungu na miji yao. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi. Daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu mjini humo, aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri kuhusu njia walizopita. Kitabu chake kilichochapishwa 1876 kilieleza mawimbi ya kipindupindu yaliyoipiga Afrika Mashariki tangu 1821 hadi 1872. Alionyesha kuwa wimbi hilo lilitokea bara, likashukia Pangani na kuvuka bahari hadi Unguja. Maradhi yalifuata njia za misafara na majahazi, yaani njia za watu.

Sayyid Barghash bin Said alishika utawala mwaka 1870, wakati kumbukumbu ya msiba huo ikiwa bado mbichi. Katika miaka ya 1880 alileta maji kwa mabomba kutoka chemchemi iliyo upande wa Bububu, kaskazini ya mji, na watu wakateka bila ya malipo. Mwenye kuujua Mji Mkongwe anafahamu kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa. Nyumba zimebanana, mashimo ya vyoo na visima vimo katika viwanja hivyo hivyo, na chini yake ni mawe ya matumbawe yenye nyufa. Maji machafu hupita katika nyufa hizo upesi, kabla ya kuchujwa. Ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za mwambao wetu.

Na maradhi haya hayajawa historia. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya bara na kufika Zanzibar. Hadi mwaka 2018 wagonjwa walioandikishwa nchini Tanzania walizidi 30,000, na waliofariki walizidi 500. Mwaka huo huo wa 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata kama Tandale katika mradi wa Ramani Huria, wakachora njia, nyumba na mifereji ya mitaa ambayo haikuwa katika ramani yoyote ya kutegemewa. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kupigwa picha kutoka angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani ili ramani ya visiwa itengenezwe upya. Mtaa usiokuwa katika ramani ni vigumu kupangiwa bomba, mfereji au zahanati.

Kazi ya kamati ya msikiti

Ndugu Waislamu, hatuhitaji kungoja ndege. Kamati ya msikiti ikikaa jioni moja na karatasi kubwa, wazee, akina mama na vijana wa mtaa wanaweza kuchora visima vyote, vyoo vyote, mifereji, majaa na mahali maji yanapotuama wakati wa masika. Akina mama wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wanaojua maji hutekwa wapi bomba likikauka. Ramani hiyo ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au sheha na kwa bwana afya.

Wataalamu hushauri choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau. Penye mawe yenye nyufa, umbali huo huenda usitoshe. Kisima kiwe na ukingo na mfuniko, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mgonjwa wa kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri huku akikimbizwa hospitali. Asingojewe mpaka alegee.

Hili si jambo la hiari tu. Mtume (S.A.W.) ameonya vikali dhidi ya kujisaidia katika njia za maji, njia za watu na vivuli vyao, na ameweka kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Saad bin Ubada (R.A.), alipouliza sadaka iliyo bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima. Wengi wetu tunaifuata sunna hiyo kwa kuwachimbia kisima wazazi wetu. Basi kabla ya kuchimba, tupime umbali wa vyoo. Tusije tukamkusudia mzazi thawabu kwa maji yanayowadhuru wanaoyanywa.

Lipo na jambo la mwisho: siri ya mgonjwa. Ramani inaweza kuponya na inaweza pia kufedhehesha. Nyumba iliyoanza kuugua isinyooshewe kidole, wala jina lisitajwe barazani. Mama wa nambari 40 hakumkusudia mtu yeyote ubaya. Alikuwa akifua nguo za mwanawe, na mwanawe akamfia mikononi. Dhambi haikuwa yake. Shimo lilikuwa karibu mno na kisima, na hakuna aliyekuwa amepima.

Sisi tumeshaambiwa, na kamba ya kupimia ipo. Tumuombe Allah (S.W.) atukinge na maradhi, atutakasie maji yetu, na atujaalie majirani ambao wengine wanasalimika nao, juu ya ardhi na chini yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.