Kulitunza Gari la Mazao Lisichemshe

Wakulima wengi siku hizi, mmoja mmoja au kwa ushirika, wana gari dogo la kuchukulia mboga na mahindi sokoni. Gari hilo hupimwa mafuta na upepo wa magurudumu, lakini maji ya rejeta husahauliwa mpaka siku yatakapochemka. Nakijua kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya kilichopoteza injini kwa mpira wa maji uliopasuka, ambao bei yake haikupita bei ya kuku. Injini nyingine waliilipia kwa mavuno ya misimu miwili. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari ajue haya yafuatayo.

KAZI YA MAJI

Mafuta yanapowaka ndani ya injini, yapata theluthi moja tu ya joto lake hugeuka kuwa nguvu. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na iliyobaki huingia katika chuma. Chuma kisipopozwa hupindika. Ndiyo maana pampu huyazungusha maji yachukue joto hilo na kulipeleka katika rejeta, ambamo hupozwa na upepo wa mwendo na wa feni. Njiani mna mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi hufungwa, na maji yafikapo digrii 85 hivi hufunguka.

Kifuniko cha rejeta nacho si kizibo tu. Huyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Jambo hili ni kubwa kwa watu wa milimani, kwa maana kila upandapo meta 300, maji ya wazi huchemka kwa joto lililopungua digrii moja hivi. Lushoto, penye meta 1,400 hivi, huchemka yapata digrii 95. Lakini kifuniko kizima huweza kuyazuia mpaka karibu digrii 120. Basi gari lenye kifuniko kibovu laweza kwenda salama uwandani Mombo, kisha likachemsha mlimani, na dereva akaulaumu mlima.

UTUNZAJI

1. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama maji. Yakipungua kila siku, yanavuja. Tafuta mahali yavujapo.

2. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi kama ilivyoandikwa kwenye chombo chake, kwa kawaida nusu kwa nusu. Huzuia kutu. Maji ya kisima chenye chumvi hufanya gamba jeupe kama lile liotalo ndani ya birika la chai. Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi ni bora. Kulanti ni sumu yenye utamu, kwa hiyo usiimwage uani penye watoto, mbuzi na mbwa.

3. Kila juma minya mipira ya maji wakati injini imezimwa na kupoa. Uliokauka ukapasuka-pasuka, au uliolegea kama ndizi iliyoiva mno, ubadilishwe. Mkanda wa pampu nao utazamwe hivyo hivyo.

4. Wakati wa mavuno makapi na wadudu huziba uso wa rejeta. Uoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukianzia upande wa injini kwenda nje.

DALILI NA SABABU

Gari likipata joto linaposimama na kupoa linapokimbia, tazama feni. Likipata joto katika mwendo wa kasi, yumkini rejeta imeziba au pampu imechoka. Mpira wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi, maji hayazunguki. Oili ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Usiliendeshe gari hata kidogo.

Wako mafundi ambao, gari likichemsha, huitoa themostati na kuitupa. Hiyo si dawa. Injini ifanyayo kazi ikiwa baridi hula mafuta mengi na kulika upesi, na ugonjwa wenyewe hubaki umefichwa. Themostati mbovu ibadilishwe kwa nyingine nzima.

LIKICHEMSHA NJIANI

Simama mahali salama, uzime injini. Usikifungue kifuniko! Nilimwona kijana akikifungua upesi, na mvuke ukamchubua mkono mpaka kwenye kiwiko. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Jihadhari na feni ya umeme, kwani huweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, kizungushe kidogo, acha mvuke wote utoke, ndipo ukiondoe. Usimimine maji baridi katika injini ya moto, maana chuma chaweza kupasuka. Ikiisha kupoa, tia maji kidogo kidogo, kisha tafuta sababu kabla ya kuendelea na safari.

Wazee walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa maji ndio ufa, na injini ndiyo ukuta. Kutazama maji asubuhi ni kazi ya dakika mbili. Nawe uifanye kabla ya kupakia tenga la kwanza.