Laptopu kuukuu, herufi zinazosomeka: Linux dukani Gisenyi

Anayeuza vitunguu, sambaza au vitenge kati ya Gisenyi na Goma hushika sarafu tatu kwa siku moja: faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Hesabu hizo zikiingia kwenye laptopu ya mtumba yenye skrini hafifu, 3 na 8 hufanana. Tarakimu moja ikikosewa kwenye deni la mteja ambaye ameshavuka Petite Barrière, kulidai ni kazi nyingine.

Laptopu za namna hiyo zimekuwa nyingi njia panda tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Zisizokubali Windows 11 huweza kufufuliwa kwa Linux. Kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, fundi mwenye busara haweki mfumo mzima mzito kama GNOME au KDE. Huweka msimamizi mwepesi wa madirisha, mathalani Openbox au IceWM. Kasi inarudi. Kisha mwenye duka anakuja na lalamiko: programu moja nyeupe inayoumiza macho, nyingine ya kijivu, menyu zake ndogo kama mayai ya chawa.

Hakuna kilichoharibika. Kwenye mfumo kamili kuna programu ya nyuma inayozipasha programu nyingine habari za rangi na herufi ulizochagua. Openbox haifanyi hivyo: kazi yake ni fremu ya dirisha, yaani kichwa na kingo. Cha ndani huchorwa na koo mbili zisizosikilizana. Ukoo wa GTK ulizaliwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP, huko chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, miaka ya 1990. Humo mna Gnumeric ya majedwali ya hesabu na kidhibiti cha mafaili cha Thunar. Ukoo wa Qt ulianzia Norwei, na VLC ni mmoja wao. Kila ukoo huambiwa kivyake.

Kwa programu za GTK 3, fungua faili ~/.config/gtk-3.0/settings.ini (ikiwa halipo, liunde) na uandike:

[Settings]
gtk-theme-name=HighContrast
gtk-font-name=Sans 13

Hifadhi, funga programu, ifungue tena. HighContrast si nzuri kwa kutazama, ina mistari mizito na nyeusi juu ya nyeupe, lakini mlangoni mwa duka penye jua ndiyo inayofaa. Anayefunga hesabu usiku aandike Adwaita mahali pa HighContrast, kisha aongeze mstari gtk-application-prefer-dark-theme=true. Asiyependa kuandika aweke LXAppearance, dirisha dogo la kuchagua kwa kipanya, ambalo halihitaji mfumo mzima.

Qt huhitaji programu ya qt5ct. Iweke, kisha kwenye ~/.profile ongeza mstari export QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt5ct, utoke na kuingia upya. Programu za Qt 6 zina yao, qt6ct. LibreOffice nayo ikionekana ya kizamani, mwulize fundi kama ameweka kifurushi cha libreoffice-gtk3, wengi hukisahau.

Hapa ndipo watu hudanganyika: 13 uliyoandika inakuza menyu na vitufe tu. Tarakimu zilizo ndani ya jedwali hazikui. Hizo zikuze kwa kushika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya. Ukubwa huo ni wa skrini peke yake, kwa hiyo ankara utakayochapa itatoka vilevile, na bei hazitaruka ukurasa wa pili.

Mandhari za kupakua zenye rangi za kuvutia ziacheni kwanza. Kinachofaa kunakiliwa kwenye flashi, pamoja na majedwali yenu ya madeni, ni hayo mafaili mawili: settings.ini na .profile. Diski kuukuu ikifa, fundi atayarudisha kwenye mashine nyingine kwa dakika chache, hata kama ni fundi wa ng'ambo ya pili.