"Sifanyi Kazi, Niko Nyumbani Tu"

Hodi! Mgeni ni kijana mwenye dodoso mkononi, ametumwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Anamkuta mama akiepua maandazi. "Shikamoo mama. Unafanya kazi gani?" Mama anajifuta mikono kwenye kanga na kujibu, "Marahaba mwanangu. Mimi sifanyi kazi, niko nyumbani tu."

Wengi wetu tumewahi kujibu hivyo. Lakini maandazi yale huuzwa kila asubuhi, na ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto. Je, ni kweli mama huyu hana kazi?

Nani ana ajira?

Tukisikia neno ajira, tunafikiria ofisi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wataalamu wa takwimu hawapimi hivyo. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya shughuli ya malipo au faida kwa saa moja tu katika juma linaloulizwa anahesabiwa kuwa ana ajira. Hivyo muuza maandazi ana ajira, sawa na karani wa benki. Ndiyo maana mdadisi mwangalifu haridhiki na jibu la kwanza. Atauliza tena: "Juma lililopita uliuza chochote? Ulisaidia katika duka la familia?"

Nani hana ajira?

Kwa kipimo hicho, asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya kazi hata saa moja, yuko tayari kuanza kazi, tena amekuwa akiitafuta. Asiyetafuta, au asiye tayari kuanza, huwekwa nje ya nguvu kazi.

Tuchukue mfano wa kijiji chenye watu wazima 100. Watu 60 wana kazi, 10 wanatafuta, na 30 hawatafuti. Kiwango cha ukosefu wa ajira hupatikana kwa kugawa 10 kwa 70, yaani wenye kazi pamoja na wanaotafuta. Jibu ni karibu asilimia 14. Sasa watano kati ya wale 10 wakate tamaa, waache kutafuta. Tunagawa 5 kwa 65, tunapata karibu asilimia 8. Kiwango kimeshuka, wala hakuna hata mmoja aliyepata kazi!

Kwa sababu hiyo Tanzania ina pia tafsiri yake ya kitaifa, ambayo huwahesabu hata walio tayari kufanya kazi ingawa hawaitafuti. Kwa tafsiri hiyo, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha ukosefu wa ajira wa asilimia 10.3: wanawake asilimia 12.3, wanaume asilimia 8.2.

Kazi isiyoonekana

Liko jambo jingine linalotugusa akina mama. Kuchota maji, kupika, kufua na kuuguza wagonjwa wa nyumbani havihesabiwi kuwa ajira. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi, waliokutana Geneva, walikubaliana kwamba hizo nazo ni kazi na zipimwe, ila zipimwe peke yake. Hata anayelima mahindi ya kula nyumbani aliwekwa katika fungu la kazi za matumizi ya kaya, si la ajira. Katika tafiti za 2006 na 2014, Tanzania iliwauliza watu pia jinsi wanavyotumia saa zao za siku. Huko ndiko ndoo zetu za maji zinakoonekana.

Basi tufanye nini?

Kaya zinazohojiwa ni chache, nazo husimama kwa niaba ya nyingine nyingi. Mama mmoja akijificha nyuma ya neno "tu", wengi wanafichwa pamoja naye. Na wapanga mipango hawawezi kumpangia mtu wasiyemwona. Mdadisi akifika kwako, dada, mweleze shughuli zako zote: biashara ndogo, kibarua cha siku mbili, bustani ya mchicha. Kama saa za kazi hazikutoshi na ungependa kuongeza, sema. Kama uliacha kutafuta kazi kwa kukata tamaa, sema pia.

Tena tuwasahihishe binti zetu. Wakiulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, wasijibu, "Hana kazi." Waseme, "Mama anauza maandazi." Na huo ndio ukweli.